Macho Yaliyokatwa Bajeti

Wiki za mwanzo za mwaka 2019 zilikuwa za hofu mkoani Njombe. Watoto walikuwa wakipotea, kisha miili yao inakutwa imetupwa, na kila aliyepata habari hizo alielewa bila kuelezwa kwamba nyuma yake kuna ushirikina. Wazazi wakaanza kuwasindikiza watoto shuleni na kwenda kuwachukua. Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Kangi Lugola, alifika. Vyombo vya dola vikaleta timu maalumu kutoka nje ya mkoa. Waganga wa kienyeji wakakamatwa, watu wakahojiwa. Sijamsikia mzazi aliyelalamika kwamba dola ilikuja kwa nguvu kupita kiasi. Niliowasikia walilalamika kwamba ilichelewa.

Lakini operesheni ya namna ile ina upande wa pili. Mtu akikamatwa kimakosa, akawekwa ndani siku nyingi, akaachiwa bila shtaka na bila maelezo, anakwenda kulalamika wapi? Kwenye karatasi jibu lipo: Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanza kazi mwaka 2001. Wiki zile Tume hiyo haikuwa na mwenyekiti wala kamishna. Muda wa waliotangulia ulikwisha mwaka 2018, na waliofuata, chini ya Jaji mstaafu Mathew Mwaimu, hawakuteuliwa hadi nusu ya pili ya 2019. Ofisi ilikuwa wazi na watumishi walikuwepo, ila wale waliopewa na sheria mamlaka ya kuamua hawakuwepo. Mwezi huohuo wa Januari, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), Profesa Mussa Assad, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge mjini Dodoma kujieleza, si kwa hesabu zilizopotea, bali kwa neno alilolisema redioni.

Macho mawili yaliyowekwa kuiangalia dola yalikuwa na matatizo kwa wakati mmoja, katika miaka ambayo wimbo wa serikali ulikuwa kubana matumizi. Sidhani kulikuwa na njama. Naona mazoea, na mazoea hayo yana historia ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Nchi hii kila ilipoishiwa fedha ilipunguza mengi, lakini sikio la dola halikupunguzwa. Lililopunguzwa ni jicho la kumwangalia mwenye sikio.

Turudi nyuma, Usukumani, mwaka 1976. Huko nako wauaji walikuwa wakiua kwa imani za uchawi, na wengi wa waliouawa walikuwa wanawake wazee. Serikali ikaamua kukomesha. Operesheni ikaendeshwa na polisi pamoja na maofisa wa usalama katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, watu wakakamatwa kwa makundi, wakateswa ili wakiri, na baadhi wakafia mikononi mwa waliowashika. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, hazikufichwa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuna aliyewahi kusema kwamba aliagiza mateso hayo. Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi katika Ofisi ya Rais aliyehusika na usalama, akajiuzulu pia. Wakuu wa mikoa, Peter Kisumo wa Mwanza na Marco Mabawa wa Shinyanga, wakafuata. Baadaye maofisa kadhaa wakafikishwa mahakamani na baadhi wakatiwa hatiani.

Watanzania wengi wanaikumbuka hadithi hii kwa sababu ya Mwinyi. Alikwenda kuwa balozi Misri, akarudi, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar na mwaka uliofuata Rais wa Muungano, na kujiuzulu kwake kukawa mfano unaotajwa kila waziri anapong'ang'ania kiti. Mfano ni mzuri, siupunguzi. Lakini ukiutazama kwa karibu unaona kwamba kilichofanya kazi pale ni dhamiri ya viongozi, basi. Hakuna ofisi iliyokuwa na wajibu wa kisheria kuingia katika mahabusu za Shinyanga na kuhesabu waliomo. Ingekuwa dhamiri imelala mwaka ule, mambo yangeishia hapo. Na idara ya usalama yenyewe, iliyozaliwa kutoka kitengo maalumu cha polisi wa kikoloni na kulelewa na mkurugenzi wake wa kwanza Mwafrika, Emilio Mzena, haikuwa na sheria yake iliyopitishwa na Bunge. Ilikuwepo kama Ikulu ilivyokuwepo. Kulikuwa na Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, lakini hiyo ilihusu kulinda siri, si kuwaangalia wanaozikusanya.

Mtu wa enzi hizo angenikatiza hapa: na Tume ya Kudumu ya Uchunguzi je? Ni kweli, tulikuwa nayo, na tulikuwa wa kwanza Afrika kuwa na chombo cha namna hiyo. Mwaka 1965, tume ya rais iliyoongozwa na Rashidi Kawawa ikitafuta sura ya demokrasia ya chama kimoja, ilikataa wazo la kuweka tamko la haki za binadamu ndani ya Katiba. Hoja ilikuwa kwamba nchi changa haiwezi kufungwa mikono na mahakama. Badala yake ikapendekeza tume ya kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya wenye madaraka. Ikaanza kazi mwaka 1966, mwenyekiti wake wa kwanza akiwa Erasto Mang'enya, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika.

Namna ilivyofanya kazi ilikuwa ya kuvutia. Makamishna walifunga safari mikoani, wakaitisha mikutano, na mwenye lalamiko akalitoa bila wakili na bila ada. Asiyeweza kufika aliandika barua. Karani aliyenyanyaswa na bosi wake, mkulima aliyedhulumiwa na ofisa wa ushirika, mtu aliyewekwa rumande na katibu wa chama kwa ugomvi wa shamba, wote walisikilizwa. Kwa nchi ambayo mkulima wa Ukinga, huko milimani Makete, alikuwa hajawahi kumwona wakili, hilo halikuwa jambo dogo.

Ila Tume haikuweza kumchunguza Rais, na Rais aliweza kuizuia isichunguze jambo, au kuzuia ushahidi unaogusa usalama, ulinzi na mambo ya nje usitolewe mbele yake. Matokeo ya uchunguzi yalikwenda kwa Rais huyohuyo. Kwa maneno mengine, afisa wa kilimo aliweza kuulizwa na afisa usalama akapita. Tena ilikuwa tume ya kusafiri. Uhai wake ulikuwa gari, mafuta na posho ya njiani, na vitu hivyo vitatu ndivyo vilivyokwisha kwanza.

Vilikwisha baada ya vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Oktoba 1978, yakatolewa, Kampala ikaanguka Aprili 1979, na bili ikabaki Dar es Salaam. Mwalimu akawaambia wananchi wakaze mkanda kwa miezi kumi na minane. Miezi hiyo ikawa miaka. Sabuni, sukari na khanga vikawa vya kupanga foleni, na magari binafsi yakapigwa marufuku kutembea Jumapili alasiri ili kuokoa petroli. Katika nchi ambayo hata mkuu wa wilaya alihesabu lita, usitegemee makamishna wa malalamiko wafike Matamba.

Kufika Matamba hata leo si mchezo. Unaacha barabara kuu Chimala na kuanza kupanda ukuta wa milima kwa kona ambazo wenyeji wamezihesabu na kuzipa jina: Hamsini na Saba. Lori la viazi likiwa linashuka, utingo anakaa mlangoni na kigogo cha kuzuia tairi mkononi, na abiria anayepita kwa mara ya kwanza hukaa kimya. Juu unakuta baridi, ukungu, mashamba ya viazi na pareto, na mbele zaidi nyanda za Kitulo. Upande wa pili wa wilaya hii ya Makete njia inakwenda Njombe na Makambako, kwenye njia panda na stesheni ya TAZARA, ambako Wakinga wengi walijifunzia biashara kabla ya kuhamia Kariakoo.

Naitaja Matamba kwa sababu moja zaidi. Aliyeiongoza idara ya usalama katika miaka ya vita vile alikuwa Dk. Hassy Kitine, ambaye baadaye alikuwa mbunge wa Makete. Baada yake idara ilishikwa na Augustine Mahiga, mtu wa Tosamaganga, Iringa, mwenye shahada ya uzamivu aliyoipata Toronto, ambaye miaka mingi baadaye Watanzania walimjua kama Waziri wa Mambo ya Nje. Nyanda za Juu Kusini zimetoa watu wa kuisikilizia nchi. Mtu wa kuwasikiliza wananchi wa huko dhidi ya wasikilizaji hao hatukuwahi kupewa.

Mwaka 1983 mkanda uliokazwa ulikutana na nguvu za usalama uso kwa uso. Machi mwaka ule Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa, maghala yakafunguliwa, na bidhaa zilizofichwa zikaonekana barabarani, nyingine zikatupwa na wenyewe usiku. Watu walishangilia, na aliyeishi miaka ile bila sabuni anaelewa kwa nini. Sheria ya kuwashtaki waliokamatwa ilitungwa baada ya kukamatwa kwao, ikarudishwa nyuma iwaguse. Iliunda mahakama maalumu ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili wala kukata rufaa. Mwaka uliofuata serikali yenyewe iliona imekwenda mbali na kutunga sheria nyingine iliyorudisha mashauri hayo kwenye njia ya kawaida. Katika miezi ile ya katikati, nani alipita nyumba hadi nyumba kuuliza kama mwenye duka wa Makambako alikamatwa kwa sababu ya magunia ya sukari au kwa sababu ya jirani mwenye wivu? Tume ya Kudumu ilikuwepo kwa jina. Tamko la haki za binadamu liliingia katika Katiba mwaka 1984, na mahakama zikaruhusiwa kulitumia kuanzia Machi 1988. Kwa hiyo wa 1983 hawakuwa nalo.

Mwaka 1986 tulisaini na Shirika la Fedha la Kimataifa, na kupunguza matumizi kukawa sharti kutoka nje. Miaka ya tisini watumishi wa umma wakapunguzwa, mashirika yakauzwa. Wakati huohuo siasa zikafunguka. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991. Wananchi wengi waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee, lakini Tume ikapendekeza vyama vingi na, la muhimu kwetu hapa, ikaorodhesha sheria arobaini ilizoziona kandamizi. Ya kuwaweka watu kizuizini bila kesi, ya mwaka 1962, ilikuwemo. Vyama vingi vilikuja 1992. Orodha ya arobaini ilishughulikiwa kwa mwendo wa kobe.

Tunda mojawapo la hali mpya ni Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, Na. 15 ya 1996. Kwa mara ya kwanza idara ikawa na sheria yake. Nikiisoma kama ilivyotungwa nakuta kifungu ambacho wananchi wengi hawajui kuwa kipo. Kinasema si kazi ya Idara kutekeleza hatua za usalama kwa mikono yake, yaani si wao wa kukamata, na si kazi yake kumfuatilia mtu kwa sababu tu anashiriki maandamano halali au anapinga jambo la Katiba, sheria au serikali. Ni maneno mazuri. Lakini sheria hiyo haikumweka mtu wa kuangalia kama yanafuatwa. Hakuna mkaguzi wa idara aliye nje ya idara, wala bodi ya malalamiko, wala wajibu wa kupeleka taarifa kwa Bunge zima. Kamati ya Bunge ya ulinzi na usalama hukutana nao faraghani, na inayoyajua haiyasemi.

Mwaka huohuo wa 1996, tarehe 30 Juni, Luteni Jenerali Imran Kombe, aliyekuwa ameiongoza idara kwa zaidi ya miaka kumi, alipigwa risasi na polisi mkoani Kilimanjaro, kwao. Polisi walisema walimdhania mwizi wa gari. Wawili kati yao walihukumiwa. Mengi yamesemwa kuhusu kifo hicho na sina nia ya kuongeza. Ninachokiona ni kwamba hata mkuu wa usalama mstaafu, risasi zilipofyatuliwa, familia yake ilibaki na mahakama ya kawaida tu kama familia yoyote, na hakukuwa na chombo huru cha kuwaeleza wananchi kilichotokea.

Enzi ya Rais Mkapa ilikuja na bajeti ya kutumia kilichokusanywa, si zaidi, na safari ya kusamehewa madeni iliyofika kilele Novemba 2001. Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo bado linanishangaza. Nchi iliyokuwa ikisamehewa madeni kwa sababu ya umaskini ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28, ya mkopo. Benki ya Dunia ilisema bei ni kubwa mno na mtambo haufai kwa mahitaji yetu. Waziri wa Uingereza, Clare Short, alipinga ndani ya serikali yake mwenyewe. Hapa nyumbani, jibu la wakubwa lilikuwa usalama wa nchi. Neno hilo likishatamkwa, wakaguzi huweka kalamu chini. Ukweli ulitoka London, ambako taasisi ya uchunguzi wa makosa makubwa ya fedha ilifukua jalada, na mwaka 2010 kampuni ikakubali kosa la kutunza hesabu vibaya na kulipa pauni milioni 29.5 kwa manufaa ya Watanzania. Fedha zikaingia kwenye vitabu na madawati. Mtoto wa shule ya msingi alirudishiwa hela zake na mkaguzi wa nchi nyingine.

Kashfa ya Meremeta ilikuwa ya nyumbani zaidi. Kampuni ya dhahabu iliyohusishwa na jeshi, iliyosajiliwa kisiwani Isle of Man, ilipoacha madeni yaliyolipwa na Benki Kuu, wapinzani waliuliza mwaka baada ya mwaka. Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mtu mpole, alisimama bungeni na kukataa kutoa maelezo kwa kuwa jambo linagusa jeshi na ulinzi. Pamoja na upole wake, hakuyumba.

Dk. Kitine alirudi hadharani katika miaka hiyo kwa njia ambayo hakuipanga. Akiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Utawala Bora, alijiuzulu mwaka 2002 kufuatia tuhuma kuhusu fedha za serikali zilizolipia matibabu ya familia yake nje ya nchi. Hapa mfumo ulifanya kazi: hati za malipo zilikuwepo, wabunge waliziuliza, magazeti yakaandika, waziri akaondoka. Nimewahi kuwaza kwamba mtu huyohuyo aliwahi kuongoza idara ambayo hati zake za malipo hakuna mbunge wa kawaida aliyeziona. Bili ya hospitali ilikuwa na njia ya kufika bungeni. Za idara hazikuwa nayo.

Majirani wetu walijifunza kwa gharama. Kenya mwanzoni mwa miaka ya tisini, ikiwa haina fedha za kigeni na wafadhili wakifunga mifereji, ililipa mabilioni kwa kampuni ya Goldenberg kwa dhahabu na almasi ambazo nchi haikuwa nazo, na miongoni mwa wakurugenzi wa kampuni hiyo alikuwemo James Kanyotu, mkuu wa usalama. Muongo uliofuata ikaja Anglo Leasing: mikataba kumi na minane ya vifaa vya usalama ambayo mkaguzi alipoifungua alikuta kampuni hewa. Wakenya waliandika somo hilo katika sheria. Sheria yao ya usalama wa taifa ya 2012 ina bodi ya malalamiko na inaweka wazi nafasi ya Bunge. Sisemi kwamba bodi hiyo imemaliza matatizo, maana mama wa kijana aliyepotea Mombasa anaweza kukueleza mengine. Lakini ana mlango wa kugonga.

Mwishoni mwa 2015 Rais mpya, John Magufuli, alifuta sherehe za Uhuru na kuwapeleka watu kufanya usafi. Safari za nje zikazuiwa, semina zikafutwa, watumishi hewa wakaondolewa. Nilipenda mengi ya hayo, na wengi tulipenda. Kisha bajeti ya 2016/17 ikasomwa, na wabunge wakagundua kwamba ofisi ya CAG imepunguziwa fedha kwa kiasi kikubwa. Serikali ilijibu kwamba mambo yataangaliwa. Ukaguzi unaonekana kama matumizi, kwa sababu mkaguzi anakula posho, analala hoteli, anachoma mafuta kwenda Makete kuhesabu madaraja yaliyojengwa kwenye karatasi. Anachookoa hakionekani kwenye kitabu cha bajeti.

Mwaka uleule ukaguzi huo ulikuwa umeonyesha thamani yake, tena kwenye chombo cha usalama. Ni ule mkataba wa Lugumi: shilingi bilioni 37 za kufunga mashine za alama za vidole katika vituo 108 vya polisi. Karibu fedha zote zilikuwa zimelipwa, bilioni 34, na mashine zilikutwa katika vituo 14. Kamati ya Hesabu za Serikali iliunda kamati ndogo, ikazunguka vituoni. Taarifa yake haikuja kujadiliwa mbele ya Bunge lote. Serikali ikapewa muda wa kurekebisha, na jina Lugumi likabaki utani wa mitaani.

Mwaka 2017, baada ya mwanamuziki mmoja na wenzake kutekwa na kuachiwa, mbunge wa chama tawala, Hussein Bashe, alisimama na kutaka iundwe kamati teule kuchunguza utekaji, akiwataja moja kwa moja watu wa usalama. Kwa mbunge wa CCM kusema hivyo ukumbini, ilikuwa siku ya aina yake. Kamati teule haikuundwa.

Ndipo tunafika kwa Profesa Assad. Akiwa New York mwishoni mwa 2018 aliulizwa na redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini taarifa zake hazifanyiwi kazi, akajibu kwamba huo ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akaliona neno hilo kuwa tusi. Tarehe 2 Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Watu walibaki wakiuliza: Bunge linakataaje kufanya kazi na mtu ambaye Katiba inamtaka alete taarifa hapo? Novemba mwaka huo Rais akateua mwingine. Mtu mmoja akawa ameondolewa kabla ya umri wa kisheria, na ofisi yote ikajifunza kusema kwa tahadhari.

Aliyeteuliwa, Charles Kichere, alitoka Njombe. Alikuwa kamishna mkuu wa Mamlaka ya Mapato, kisha katikati ya 2019 akashushwa na kupelekwa kuwa Katibu Tawala wa Mkoa wa Njombe, na miezi michache baadaye akapandishwa kuwa CAG. Kwa haki, taarifa zake za miaka iliyofuata zimekuwa na meno, na ile ya Aprili 2023 iliitikisa nchi. Lakini angalia njia aliyopita: mkono uleule ulimshusha Juni na kumpandisha Novemba. Desemba 2022 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na mwanasiasa wa upinzani Zitto Kabwe, ilitamka kwamba kuondolewa kwa Assad hakukufuata Katiba. Assad hakurudi ofisini.

Mwaka 2023 sheria ya 1996 ilifanyiwa marekebisho. Watetezi wa haki za binadamu walikwenda mbele ya kamati ya Bunge na kulalamikia vifungu vya kinga kwa maofisa, na baadhi ya maneno yakalainishwa. Muswada ulipita Juni. Idara ikawekwa moja kwa moja chini ya Rais, maofisa wakapewa kinga kwa wanayoyatenda kwa nia njema kazini. Bodi ya malalamiko haikuwemo. Na kati ya Januari 2023 na Julai 2024 idara ilipata wakuu wapya watatu kwa mfululizo, Said Massoro, Ali Idi Siwa na Suleiman Mombo, kila mmoja kwa tangazo fupi la Ikulu. Huenda kila badiliko lilikuwa na sababu nzuri. Bunge halikuwa na mahali pa kuiuliza.

Asasi za kiraia zilizokuwa zikijaza pengo hili nazo ziliishi kwa fedha za wafadhili, na Januari 2025 Marekani ilipofunga mifereji ya misaada yake, miradi mingi ya Afrika Mashariki ilisimama ndani ya wiki. Mwezi huohuo Washington iliwafukuza wakaguzi wakuu wa wizara na idara wapatao 17 na kuwaondoa wajumbe wa bodi inayoangalia faragha ya raia katika kazi za kijasusi. Hao Wamarekani ndio waliotupigia mfano wa kamati ya Seneta Church ya 1975, iliyochunguza majasusi wao, kila walipokuja kutufundisha.

Kila msimu wa bajeti Dodoma, Kamati ya Matumizi inapopitisha mafungu, mbunge anaweza kushika shilingi ya waziri hadi apate majibu. Mbunge wa Makete akisimama, ana mengi ya kuulizia: lami ya Chimala hadi Matamba na Kitulo, bei ya viazi, zahanati. Dakika zake ni chache, na saa ya gilotini ikifika mafungu yaliyobaki hupita kwa pamoja. Mtu wa Matamba aliyewekwa ndani saa 48 kwa amri ya mkuu wa wilaya, kama sheria ya tawala za mikoa ya 1997 inavyoruhusu, na anayetaka kujua nani kwenye kamati ya usalama ya wilaya alilipeleka jina lake, bado atashuka kona zote zile hadi Chimala, apande basi la Dodoma, akaulize mapokezi ya Tume ya Haki za Binadamu kama kuna kamishna mwaka huu.